Kura Iko kwa Nani? Mjadala wa Wabashiri wa Nachingwea na Ruangwa

Nachingwea na Ruangwa ni wilaya za kupakana. Korosho zao zinapitia chama kikuu kimoja, RUNALI, ambacho Liwale nayo imo kwenye jina lake. Vijana wa huku wameoa kule, na msimu wa tuzo ukiwadia, ziwe za muziki, za filamu au za TFF, ubishi wa nani atashinda unasafiri kati ya miji hii miwili juu ya pikipiki. Nimeusikiliza kiasi cha kujua kwamba wasanii ni kisingizio tu. Watu wanagombania njia ya kubashiri.

Kwa hiyo nimewakalisha watu watatu wa kubuni, niliowaokota kwenye vijiwe tofauti. Wa kwanza ni Mwalimu mstaafu wa Nachingwea, mtu wa kalamu na karatasi. Wa pili ni Msusi wa Ruangwa, ambaye televisheni ya saluni yake haizimwi mpaka umeme ukatike. Wa tatu ni kijana wa Bodaboda, anayeishi barabarani kati ya hao wawili na anayejua bei ya kila kitu. Wamekaa kwenye kibanda umiza kimoja Ruangwa, mechi haijaanza, kisimbuzi kimewashwa lakini sauti imezimwa.

MSUSI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Mikono inasemaje?

MSUSI: Inauma, ndiyo ugali wenyewe. Sasa niseme kabla hujatoa kalamu. Mimi mshindi namjua kwa vichwa vya watu. Namsuka mtu twende kilioni, wimbo unapigwa kwenye tivii, kichwa kinaanza kutikisika mpaka mstari unanipotea. Wimbo huo ndio unaochukua. Mwaka 2015 Alikiba alikuwa ametoka kwenye ukimya wake na "Mwana". Wateja wangu walikuwa hawatulii. Tuzo za Kili zilipofika, "Mwana" ikawa wimbo wa mwaka na Kiba akaondoka na furushi.

BODABODA: Mimi mwaka ule mkeka wangu ulichanika, dada. Mwaka 2014 Diamond alibeba tuzo saba za Kili kwa usiku mmoja. Saba! Nikasema timu iliyo kwenye fomu haibadilishwi, 2015 ni yeye tena. Nikala hasara ya soda kreti nzima.

MWALIMU: Umebashiri kwa kutazama nyuma, dogo. Mbio za mwaka jana hazikimbii mwaka huu.

MSUSI: Unaona? Kanuni zile zile, wapiga kura wale wale, mshindi mwingine. Kilichobadilika ni wimbo. Mwalimu, kalamu yako ingesaidia nini hapo?

Swali hilo ni zito kuliko anavyolichukulia Mwalimu. Kili ilikuwa tuzo ya kura za wananchi, kwa meseji na kwa mtandao, na katika tuzo ya namna hiyo mtu anayesikiliza mitaa ana haki ya kujiamini. Msanii aliyenyamaza muda mrefu akirudi na wimbo mkali huwa na mashabiki wenye kiu, na mwenye kiu hutuma meseji. Msusi aliona kiu hiyo kwenye vichwa vya wateja. Karatasi ya Mwalimu isingeionyesha.

MWALIMU: Nimekubali kwa Kili. Sasa tutoke nje ya nchi, maana huko ndiko Bongo nzima inakochaniwa mikeka. Diamond aliteuliwa tuzo za BET mwaka 2014, msanii bora wa kimataifa upande wa Afrika. Nani alichukua?

BODABODA: Davido.

MWALIMU: 2016?

MSUSI: Black Coffee. Yule DJ wa Afrika Kusini.

MWALIMU: 2021, mara ya tatu?

BODABODA: Burna Boy. Lakini ile ya 2021 ina maneno, Mwalimu. Watanzania wenyewe walikusanya saini mtandaoni Diamond aondolewe kwenye orodha, kisa alimpigia kampeni Magufuli kwenye uchaguzi wa 2020. Tulijiroga wenyewe.

MWALIMU: Hapo ndipo mnapojipa ukubwa msio nao. Burna aliichukua tuzo hiyo 2019, akaichukua 2020, na Machi 2021 akashinda Grammy. Jopo lililompa mara mbili mfululizo, na sasa limemwona na Grammy mkononi, lilikuwa linasubiri saini za Kinondoni ili limpe ya tatu? Saini zile zilikuwa habari kubwa kwetu. Kwa jopo la Marekani sidhani kama zilipunguza hata nukta.

MSUSI: Kwa hiyo unasema Diamond hakustahili?

MWALIMU: Sijagusa kustahili. Nakuuliza jambo jingine. Mwaka 2015 Eddy Kenzo wa Uganda alirudi Kampala na tuzo ya BET. Mwaka 2017 Rayvanny akarudi Dar na yake. Rayvanny wakati huo alikuwa msanii wa lebo ya nani?

BODABODA: WCB. Ya Diamond mwenyewe.

MWALIMU: Mwanafunzi kapata, mwalimu wake kakosa mara tatu. Ukibashiri kwa ukubwa wa msanii, hesabu hiyo haikai. Ukiangalia kipengele, inakaa yenyewe. Kenzo na Rayvanny walishinda kipengele cha msanii mpya wa kimataifa, chaguo la watazamaji. Neno ni hilo: watazamaji. Wale wanaokesha na simu. Kipengele cha Diamond kilikuwa cha jopo, watu wa tasnia, na jopo lile lilikuwa limezoea kusikia Lagos na Johannesburg kuliko Dar. Afrika Mashariki ilipoulizwa kwa simu ilijibu. Ilipoamuliwa na watu mezani, ilisahaulika.

MSUSI: Mwalimu, kwa hilo sina la kukupinga. Naongeza tu kwamba miaka ile tulikuwa tunakesha bure. Sherehe inaanza Los Angeles jioni, huku kwetu ni saa tisa usiku, unakunywa chai ya tangawizi usilale, kumbe tuzo za Waafrika zilishagawiwa nyuma ya jukwaa kabla matangazo hayajaanza.

BODABODA: Yaani umekesha kusubiri matokeo ya mechi iliyokwisha.

MSUSI: Nicheke tu. Lakini asubuhi nilifungua saluni na macho mekundu.

Tuwaache wacheke kidogo. Ubaguzi huo wa kugawa tuzo za Waafrika pembeni ulilalamikiwa na wasanii wengi wa bara hili, na ni kipimo kizuri cha nafasi yetu mbele ya watoaji. Kama tuzo yako haistahili hata dakika mbili za matangazo, usitegemee kwamba jopo limekaa usiku kucha likisikiliza albamu zako.

MWALIMU: Tuje nyumbani. Hapa kusini kila mtu anabashiri Harmonize, mtoto wa Mtwara. Nawaelewa, damu ni damu. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu Lindi watu milioni 1.19, na Mtwara milioni 1.63. Jumlisha: milioni 2.82. Dar es Salaam peke yake ina milioni 5.38. Kusini yote ikisimama kama mtu mmoja, bado ni nusu tu ya Dar. Sasa mnabashiri kwa nguvu gani?

MSUSI: Hapo umeniingiza kwenye uwanja wangu. Mwaka 2015 huo huo, tuzo za MTV Ulaya, Milan. Diamond kwanza alikuwa msanii bora wa Afrika. Halafu wakamweka kwenye kipengele kimoja na India. Afrika na India pamoja. Mpinzani wake nani?

BODABODA: Priyanka Chopra!

MSUSI: India ina watu zaidi ya bilioni moja, Mwalimu. Bilioni! Nchi yetu yote ukiimwaga India haionekani. Na tulishinda. Sensa yako ilikuwa imelala wapi siku hiyo?

(Mwalimu anaweka kalamu chini. Nimemwekea kimya hiki kwa makusudi, anakistahili.)

MWALIMU: Hesabu yangu ilikosea kitu kimoja: watu waliopo si watu waliopiga kura. India wako bilioni, lakini wangapi walijua kuna kura? Kwa Priyanka, nyota wa filamu, tuzo ya muziki ya MTV ilikuwa kitu kidogo. Kwetu ilikuwa kama Kombe la Dunia.

MSUSI: Ndicho ninachokueleza tangu mwanzo. Moyo unahesabika, tena kwa kubofya.

MWALIMU: Unahesabika pale ulipopewa kitufe. Kumbuka Big Brother. Mwaka 2014 Idris Sultan alishinda, akarudi na dola laki tatu. Kabla yake Richard, 2007. Mle kura ilikuwa ya nchi: kila nchi inahesabu za kwake, halafu inatoa kura moja tu. Watanzania wote tukeshe tukimpigia Idris, tunazalisha kura moja. Aliyetaka kubashiri vizuri alipaswa kuacha kuisikiliza Kariakoo akaisikilize Windhoek na Kampala. Idris aliwachekesha watu wa nchi nyingine, basi. Moyo wetu ulitosha kwa kura moja.

BODABODA: Kwa hiyo mtu asiyechukiwa na jirani anamshinda mwenye mashabiki wengi kwao.

MWALIMU: Umesema vizuri kuliko kitabu. Hata Oscar ya filamu bora wanaipigia kura kwa kupanga filamu kuanzia wanayoipenda zaidi. Filamu inayowekwa ya pili au ya tatu na wengi inaweza kuipita ile inayowekwa ya kwanza na kundi moja na ya mwisho na kundi jingine.

BODABODA: Oscar hiyo hiyo ya 2017, bahasha ilikosewa, wakaitwa La La Land jukwaani, wameshaanza kushukuru ndipo ikasemwa mshindi ni Moonlight. Waliobashiri La La Land mkeka wao ulikuwa hai kwa dakika mbili na nusu hivi! Mimi hao nawahurumia kuliko wote.

MSUSI: Dogo na kubeti kwako.

BODABODA: Basi niwarudishe mpirani, maana huko ndiko Ruangwa tuna ushahidi wetu. Namungo ilipanda Ligi Kuu 2019. Nani hapa alibashiri nafasi ya nne msimu wa kwanza? Nani alibashiri fainali ya Kombe la Azam Sports Federation, Sumbawanga, Agosti 2020? Simba walitufunga mbili kwa moja, sawa, lakini tulifika. Kalamu ya Mwalimu ingetushusha daraja.

MWALIMU: Pengine ingewashusha. Lakini ngoja nikupe raha uliyoikosa siku ile. Simba walikuwa wameshatwaa ubingwa wa ligi, kwa hiyo wanakwenda Ligi ya Mabingwa. Nafasi ya Kombe la Shirikisho ya mshindi wa kombe ilikuwa imeshaangukia kwa Namungo kabla hata mpira haujaanza Sumbawanga. Aliyezijua kanuni alitazama fainali ile bila presha.

BODABODA: Mimi nililia, Mwalimu.

MWALIMU: Ungesoma kanuni usingelia. Na tuzo za TFF nazo ni hivyo. Mwaka 2022 George Mpole wa Geita Gold alimaliza na mabao 17, Mayele wa Yanga 16. Tuzo ya mfungaji bora haina kamati, magoli yanajihesabu. Mchezaji bora wa ligi akawa nani? Bangala, mtu wa kukaba, wa timu iliyotwaa ubingwa. Pale kuna watu wanaokaa na kupima. Usiku mmoja, ukumbi mmoja, televisheni moja, lakini vipengele viwili hivyo vinabashiriwa kwa akili mbili tofauti.

BODABODA: Sasa nimekuelewa, na nitakuelewesha wewe kwa lugha ya huku. Mnada wa korosho. Mkulima ameanika vizuri, daraja la kwanza, anakwambia bei itakuwa juu kwa sababu korosho zake nzuri. Dalali aliyekaa pembeni haulizi korosho. Anauliza wanunuzi wangapi wameleta zabuni msimu huu na wana haraka ya meli au hawana. Siku hizi mnada uko kwenye mfumo wa TMX, lakini dalali anauliza lile lile. Wewe Mwalimu ni dalali. Dada ni mkulima.

MSUSI: Haya, mimi ni mkulima. Lakini korosho mbovu haipati zabuni hata moja, au siyo? Dalali wako hawezi kuuza maganda. Kwanza wimbo uwe mzuri, ndipo hao wapiga kura wako wawe na kitu cha kupigia. Na nikuulize, Mwalimu, kwa heshima zote: kwa njia yako mtu anaweza kubashiri kipengele chote bila kusikiliza hata wimbo mmoja. Bila kutazama filamu. Sasa huo si utabiri wa sanaa tena. Ni utabiri wa kamati.

MWALIMU: Ni kweli.

MSUSI: Na raha iko wapi?

MWALIMU: Raha sikuahidi, mwanangu.

Niseme msimamo wangu hapa, kwa kuwa wajadili hawa ni wa kwangu. Kwa kupata jibu sahihi nampa Mwalimu ushindi. Mwaka 2016, Elizabeth Michael aliposhinda kule Lagos filamu bora ya Afrika Mashariki, na Single Mtambalike akachukua ya lugha ya Kiswahili katika tuzo zile zile za Africa Magic, kelele zilikuwa kwamba Bongo Movie imeipiga Nollywood. Haikuipiga. Vipengele hivyo vilitengwa kwa ajili yetu, na anayesoma orodha ya vipengele alijua Mnigeria hayumo humo. Ushindi wao ni halali kabisa na uliwapa heshima waliyoitolea jasho. Ila aliyebashiri kwa kusoma orodha alikuwa mbele ya aliyebashiri kwa uzalendo.

Pamoja na hayo, Msusi ana jambo ambalo Mwalimu hajalifikia, na nimelihifadhi mpaka sasa kwa sababu ndilo linaloihusu Ruangwa zaidi ya Los Angeles.

MSUSI: Wewe unauliza kura iko kwa nani. Mimi nitakwambia, kwa sababu wanakaa kwenye kiti changu. Enzi za Kili kura ilikuwa meseji. Mama wa Mbekenyera mwenye kitochi alituma. Bibi aliyekuja kusukwa kwa ajili ya harusi ya mjukuu alinipa simu yake, "nitumie ya yule wa taarabu." Nikamtumia. Tuzo zikasimama baada ya 2015, zikarudi 2022, na zimerudi na kiungo. Fungua tovuti, jaza, bofya. Kitochi hakina mahali pa kubofya. Wale mama wote wametoka kwenye hesabu na hakuna aliyewaaga.

BODABODA: Na mwenye simu kubwa naye mpaka awe na bando.

MSUSI: Na bando linapatikana lini huku? Korosho zikishalipwa. Kuanzia Novemba hivi kuendelea, kila mtu ana bando, kila mtu ana maoni. Tuzo ikifanyika Aprili au Mei, huku tumekauka. Kura inabaki kwa wanafunzi wa vyuo wa Dar na Dodoma wenye intaneti ya chuo. Kwa hiyo mimi, Mwalimu, nikitaka kubashiri kisomi kama wewe, naanza na kalenda ya korosho.

MWALIMU: Hilo sikuwa nalo.

MSUSI: Huwezi kuwa nalo, husuki.

MWALIMU: Kwa maana hiyo dansi na taarabu zinapotea kwenye utabiri, na singeli inapanda.

MSUSI: Dansi inapotea kabisa. Wazee wanaoipenda wana kitochi. Taarabu itabaki kidogo, maana wanawake wa mjini wanaipigia. Singeli ni ya vijana, na vijana wana simu kabla ya kuwa na kitanda.

BODABODA: Sasa hiyo ni haki? Mtu ashindwe kwa sababu mashabiki wake wana simu ndogo?

MWALIMU: Unaniuliza haki au unaniuliza mshindi?

BODABODA: Nauliza vyote.

MWALIMU: Haki wakaulizwe BASATA, waandaaji wa tuzo, na waulizwe kwa sauti: warudishe meseji pamoja na kiungo, gharama si kubwa kihivyo, na Mama wa Mbekenyera arudi kwenye hesabu. Mshindi ndiye ninayeweza kukusaidia.

BODABODA: Basi nisaidie. Kipengele cha msanii bora wa kiume, tuzo zijazo. Nani?

MWALIMU: Nionyeshe kwanza kanuni. Asilimia ngapi ya kamati, asilimia ngapi ya wananchi, na kura inapigwaje.

BODABODA: Mwalimu, mechi inaanza, nitazitoa wapi kanuni? Dada, wewe?

MSUSI: Ni kwa kiungo au kwa meseji?

BODABODA: Tuseme kwa kiungo.

MSUSI: Njoo Jumapili. Jumamosi nawasuka wanafunzi wa sekondari, wamefunga shule. Nikimaliza vichwa vyao nitakutajia jina.

MWALIMU: Na mimi nije?

MSUSI: Njoo, Mwalimu. Ila kalamu uiache nyumbani, utawatisha watoto.